Dawa Iliyo Chini ya Uyoga wa Mkonge

Nje ya kiwanda cha mkonge mkoani Tanga hapakosi lundo la masazo. Korona, yaani mashine ya kukamua mkonge, ikishasaga majani, singa hupelekwa kuanikwa juani, na kinachobaki, yaani maji ya kijani, nyama ya jani na nyuzi fupi zisizouzika, husukumwa nje. Singa zenyewe hazifiki asilimia 5 ya uzito wa jani. Ukipima kwa kilo, kinachozalishwa zaidi hapo ni taka. Taka hizo huchacha, hupata joto, hunuka. Zikinyeshewa na kukaa majuma kadhaa, juu yake huota uyoga.

Ni uyoga mwembamba wa kijivu wenye shina jeupe. Kofia yake ikiwa changa huwa imefumba, imefunikwa na vinyweleo vyeupe vinavyobanduka ukipitisha kidole. Wanaoujua huuwahi alfajiri. Kofia ikishafunguka, vikunjo vya chini yake hugeuka kutoka weupe kwenda weusi, ukingo hujikunja na kuanza kuyeyuka, na jua likifika utosini kofia nzima imeshakuwa matone ya wino mweusi yanayodondokea masazo. Uyoga huu hauwekwi mpaka kesho. Unachumwa, unaoshwa, unabandikwa jikoni siku hiyohiyo.

Wanasayansi huuita Coprinopsis cinerea, na kwenye vitabu vya zamani utaukuta kwa jina la Coprinus cinereus. Mwaka 2008, Anthony Mshandete wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenzake Joel Cuff walichapisha matokeo ya kuotesha aina tatu za uyoga wa porini unaoliwa kwa kutumia masazo ya mkonge yaliyoozeshwa, na huu ulikuwa mmojawapo. Lengo lilikuwa chakula na kipato: taka inayochafua mito igeuke kitoweo. Ni wazo zuri ambalo lingestahili kuenea kuliko lilivyoenea.

Miaka sita baadaye, mwaka 2014, uyoga huohuo ukatajwa Uswisi kwa sababu nyingine kabisa. Andreas Essig, Markus Aebi na wenzao wa chuo kikuu cha ETH mjini Zurich waliuotesha pamoja na bakteria mbalimbali ili waone nani atamzidi nani. Bakteria kadhaa walishindwa. Majimaji yaliyouzunguka yalipochunguzwa, yakatoa protini ndogo yenye amino asidi 57, wakaipa jina la copsin. Protini hiyo huua bakteria wa kundi linaloitwa Gramu chanya, akiwemo Listeria monocytogenes, ambaye hupatikana kwenye maziwa yasiyochemshwa na nyama za kusindikwa na ambaye anaweza kuharibu mimba. Bakteria huyo ndiye aliyeua watu zaidi ya 200 Afrika Kusini kati ya mwaka 2017 na 2018, chanzo kikiwa soseji za poloni.

Namna copsin inavyoua inafaa kuelezwa, kwa sababu ndipo ilipo tofauti ya dawa na sumu. Bakteria huishi ndani ya ukuta, na ukuta huo hujengwa kwa matofali yanayofyatuliwa ndani na kusafirishwa nje. Tofali hilo kitaalamu huitwa lipidi II. Copsin hulikamata tofali kabla halijapangwa. Ukuta hauendelei kujengwa, bakteria akijaribu kukua anapasuka. Seli za binadamu hazina ukuta wa namna hiyo, na ndiyo sababu dawa zinazolenga ukuta, penisilini ikiwemo, zinaweza kumpiga mdudu bila kumpiga mgonjwa. Zaidi ya hapo, copsin imefungwa kwa vifungo sita vya salfa vinavyoifanya kuwa ngumu ajabu: inastahimili kuchemshwa na haimeng'enywi kirahisi na vimeng'enya vinavyokata protini nyingine.

Hapo msomaji mwenye haraka atasema: basi nile uyoga wa mkonge, nipone. Ndipo ninapomwomba asubiri. Wazurich hawakuipata copsin kwa kuchemsha kofia. Waliipata kwenye majimaji yaliyozunguka nyuzi nyembamba za uyoga, zile zinazotambaa ndani ya kinyesi cha wanyama, ndani ya majani yaliyooza, ndani ya lundo la masazo. Kile tunachokichuma ni tunda la siku moja. Mwili wenyewe wa uyoga uko chini, na huko ndiko vita vinakopiganwa.

Vita hivyo vina sababu. Uyoga hauna mdomo wala tumbo. Hula kwa kumwaga vimeng'enya nje ya mwili wake, chakula kikaoza na kuwa sukari, kisha huifyonza sukari hiyo kupitia nyuzi. Sukari ikishakuwa nje, kila bakteria wa jirani huitaka. Uyoga usiojua kuwafukuza hulala njaa. Kwa mamilioni ya miaka, aina zilizobaki ni zile zilizojifunza kutengeneza kemikali za kulinda chakula chao. Sisi tumezikuta kemikali hizo tayari, nasi tuna uhitaji mkubwa: mwaka 2019 pekee, watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Kila anayeingia duka la dawa akanunua vidonge vinne vya amoksilini kwa ajili ya mafua anasaidia kuongeza idadi hiyo.

Safari ya kutoka kwenye nyuzi za uyoga hadi kwenye sindano ya hospitali ni ndefu, na kuna mfano mmoja uliokamilika. Mwaka 1951, Frederick Kavanagh, Annette Hervey na William Robbins wa Bustani ya Mimea ya New York walitangaza kuwa wamepata kiuavijasumu kwenye uyoga ambao leo huwekwa katika jenasi ya Clitopilus. Wakakiita pleuromutilin. Kwa muda mrefu hakuna aliyekitumia kwa binadamu. Dawa ya kwanza iliyotokana nacho, tiamulini, iliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya nguruwe na kuku. Wafugaji wetu wa kuku wanaifahamu. Huichanganya kwenye maji banda likipatwa na kikohozi, na wengi hawajui kwamba mikononi mwao wameshika dawa iliyozaliwa na uyoga. Mwaka 2007 ikapatikana mafuta ya kupaka kwa vidonda vya ngozi, yaitwayo retapamulin. Halafu, mwezi Agosti mwaka 2019, Marekani ikaidhinisha lefamulin, ya vidonge na ya kudunga mshipani, kwa homa ya mapafu ya watu wazima. Kutoka 1951 hadi 2019 ni miaka 68.

Dawa za ukoo huu hufanya kazi kwa njia tofauti na copsin. Zenyewe huingia ndani ya bakteria na kuziba sehemu ya kiwanda chake cha kutengenezea protini. Kwa kuwa hushika mahali ambapo dawa nyingi za zamani hazishiki vivyo hivyo, bakteria waliozoea dawa hizo mara nyingi huwa hawajapata kinga dhidi yake. Wakemia walifanya kazi miongo kadhaa wakibadilisha umbo la molekuli ili idumu mwilini na ifike kwenye mapafu. Kwa hiyo anayesema dawa ya uyoga ipo anasema kweli, lakini ni dawa iliyotengwa, ikapimwa, ikabadilishwa, ikajaribiwa kwa wagonjwa, ikawekewa kipimo cha kila dozi.

Hapa kwetu utafiti mwingi huishia hatua ya mwanzo. Mtafiti hukausha uyoga, huusaga, huuloweka kwenye methanoli au ethanoli, huchuja, kisha hudondosha kioevu hicho kwenye kijikaratasi kilichowekwa juu ya sahani yenye bakteria. Baada ya usiku mmoja kwenye joto hutazama kama kuna duara safi lililokizunguka. Duara likiwepo, kuna kitu ndani kinachozuia bakteria. Mara nyingi duara huonekana kwa Staphylococcus aureus, yule wa majipu na vidonda, na huwa dogo au halionekani kabisa kwa E. koli, kwa sababu bakteria wa kundi lake wana utando wa ziada kwa nje unaozuia mambo mengi kupita.

Kazi hiyo ni ya maana na haipaswi kubezwa. Tatizo ni namna inavyosomwa. Kiuavijasumu halisi huhesabiwa kwa mikrogramu katika kila mililita, ilhali maji ya uyoga uliosagwa mzima mara nyingi huonyesha nguvu yake yakifika miligramu, yaani mara elfu zaidi. Hakuna anayeweza kula uyoga wa kutosha kufikisha kiwango hicho kwenye damu yake, achilia mbali kwamba methanoli haipikiwi. Gazeti linaloandika kuwa uyoga umethibitika kutibu maambukizi kwa kutegemea duara la kwenye sahani linawadanganya wasomaji wake, hata kama halikukusudia.

Lipo eneo jingine ambako somo hili ni tamu zaidi, nalo ni kichuguu. Mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa vya Afrika ni wakulima. Hukusanya nyasi kavu na vijiti, huvimeza pamoja na mbegu za uyoga wa jenasi ya Termitomyces, kisha huvitoa kama kinyesi na kuvijenga ndani ya chumba kuwa kitu laini chenye mashimomashimo. Uyoga huota humo, huvunja sehemu ngumu za majani ambazo mchwa peke yake hawezi, na mchwa hurudi kula. Ushirika huo umedumu kwa takriban miaka milioni 30, na ulianzia Afrika. Mvua kubwa ikinyesha, uyoga hutuma mzizi mrefu kutoka kwenye shamba la chini hadi juu ya ardhi, na ndipo watoto wa kijiji wanapokimbilia kichuguuni na vikapu. Kuna aina ndogo ya kuokota kwa mamia, na kuna Termitomyces titanicus, iliyotangazwa kisayansi mwaka 1980 kutoka Zambia, ambayo kofia yake inaweza kufika upana wa mita moja. Singida nayo ina aina iliyopewa jina lake, Termitomyces singidensis.

Shamba hilo liko gizani, lina joto, lina unyevu, limejaa kinyesi. Lingetakiwa kuoza. Haliozi. Ndani ya chumba kinachoishi mchwa hutaona ukungu mwingine ukitawala. Waondoe mchwa, na siku chache baadaye kuvu jeusi la jamii ya Xylaria litafunika kila kitu. Uchunguzi umeonyesha kuwa ulinzi huo ni wa pamoja: mchwa husafisha, uyoga hujitetea, na bakteria waishio ndani ya mchwa nao hutoa kemikali zinazozuia kuvu vamizi. Nalisema hili kwa sababu linaharibu hesabu rahisi. Ukichuma uyoga wa kichuguuni ukaupeleka maabara peke yake, umechukua mwanajeshi mmoja ukaacha kikosi. Na mpaka leo hakuna anayezalisha uyoga huu kwa biashara bila mchwa. Ukibomoa kichuguu ili ufyatue matofali, umefunga shamba na maabara kwa pamoja.

Wazee wetu hawakusubiri maabara. Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi, ambao kitabu chao cha mwaka 2003 kuhusu uyoga wa Tanzania bado ni rejea kubwa, walitegemea sana maarifa ya wanavijiji kutambua kipi kinaliwa na kwa jina gani. Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika mwaka 2012 kuhusu namna jamii zinazoishi jirani na Serengeti na Ngorongoro zinavyoainisha na kutumia uyoga. Katika sehemu nyingi za dunia, Afrika ikiwemo, unga wa uyoga wa mviringo usio na kofia hunyunyizwa kwenye jeraha ili damu ikauke, na katika miaka ya 1970 Wajapani walitoa kwenye uyoga wa jamii hiyo asidi inayozuia bakteria. Maarifa ya asili yalionyesha mahali pa kuchimba. Hilo linatosha kuyapa heshima, bila kuyabebesha madai ambayo wazee wenyewe hawakuyatoa.

Madai hayo leo yamejaa. Katika mabasi, kwenye minada na kwenye simu zetu, unga wa uyoga mgumu wa jamii ya Ganoderma unauzwa kwa kisukari, shinikizo la damu, saratani, nguvu za kiume na UKIMWI, yote kwa kopo moja. Muuzaji hutaja Japani. Ni kweli Japani ilikubali lentinan, sukari ndefu inayotokana na uyoga wa shiitake, mwaka 1985. Lakini ilikubaliwa kwa saratani ya tumbo, kwa kudungwa, sambamba na dawa za saratani, chini ya daktari. Sheria yetu ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 haikutungwa ili mgonjwa aache vidonge vyake kwa sababu ya kopo. Anayemshawishi mgonjwa wa kifua kikuu kukatiza dozi ya miezi sita anamzalishia bakteria sugu, na bakteria huyo atawakoholea watoto wa nyumba hiyo.

Sahani ya uyoga ina faida zake zisizohitaji kutiwa chumvi. Uyoga mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90, ila ukikauka huwa na protini ya kutosha kuheshimika, na nyuzilishe zake, ziitwazo beta glukani, hulisha bakteria wema wa utumbo. Una mafuta kidogo. Una ergosteroli, ambayo ikipigwa na jua hugeuka kuwa vitamini D. Kina mama wa Tabora na Iringa wanaokata uyoga vipande na kuuanika mkekani kwa ajili ya kiangazi wanaongeza vitamini hiyo pamoja na kuuhifadhi. Uungwe kwa karanga au nazi, uliwe na ugali, na mwili utapata nguvu ya kujitetea kama unavyoipata kwenye maharage na mchicha. Hicho ni chakula bora, na chakula bora ni jambo kubwa.

Kuna sharti moja lisilo na mjadala, nalo ni kuujua uyoga unaouchuma. Kwenye majani mafupi na karibu na mabanda ya ng'ombe, mara baada ya mvua, huota uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia, Chlorophyllum molybdites. Unavutia sana. Vikunjo vyake vikikomaa hugeuka kijani iliyofifia. Anayeula hutapika na kuhara vibaya ndani ya saa chache. Mbaya zaidi ni ule wa jamii ya Amanita phalloides, ambao umetoka Ulaya na kusafiri na mizizi ya miti ya kupandwa hadi Afrika Kusini na kwingineko. Sumu yake, amanitini, haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Dalili huchelewa saa sita au zaidi, kisha mgonjwa hutapika, halafu hupata nafuu ya uongo kwa siku moja hivi huku ini likiharibika.

Zile kanuni za mitaani hazisaidii. Kitunguu kisichobadilika rangi sufuriani hakithibitishi kitu. Konokono na sungura wanaweza kula sumu inayomuua mtu. Uyoga wenye funza hauna hati ya usalama. Kinachosaidia ni macho ya mtu aliyekua akiuchuma mahali hapohapo, na hata yeye asihamishe ujuzi wake mkoa mwingine kwa kujiamini. Usichume pia kando ya barabara kuu wala kwenye machimbo ya dhahabu, maana uyoga huvuta metali kutoka ardhini, zebaki ikiwemo. Mtu akitapika baada ya kula uyoga, apelekwe hospitali upesi, na mabaki ya uyoga huo yapelekwe pamoja naye, hata kama anasema amepata nafuu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni msitu. Uyoga mwingi tunaoununua kwenye vikapu vya Mafinga, Tabora na Songea, ule wa njano, wa rangi ya chungwa, wa kahawia, huishi kwa kushikana na mizizi ya miombo. Mti huupa sukari, uyoga huupa mti madini na maji. Ukikata mti ukatengeneza mkaa, uyoga ule haupati mahali pa kuhamia, na kemikali zilizokuwa katika nyuzi zake zinakwenda nao kabla mtu yeyote hajaziweka kwenye sahani ya maabara. Unga wa uyoga wa kopo hautaturudishia kemikali hizo.

Vyuo vyetu vikuu na taasisi za utafiti wa tiba vina wataalamu wanaoweza kutenga nyuzi za uyoga, kuziotesha na kuzihifadhi kwenye baridi kali kwa miaka mingi. Kazi hiyo haihitaji kusubiri mfadhili wa nje aje na orodha yake. Wizara zinazohusika na afya, kilimo na misitu zitenge fedha za kuanzia benki ya taifa ya uyoga hai, ikianza na ule wa masazo ya mkonge, wa vichuguu na wa miombo. Majina ya wanavijiji walioonyesha kila aina yaandikwe kwenye kumbukumbu, ili siku dawa ikipatikana, wajulikane na walipwe.